Muhtasari, mchoro, kadi au madesa: kipi kitakufaa mtihani wa sheria ukikaribia?

Mwanafunzi wa sheria hufika mwisho wa muhula akiwa na hukumu za kesi, vifungu vya sheria, slaidi za mhadhiri na madaftari yaliyojaa mishale, na hana muda wa kuvisoma vyote upya. Lazima avipunguze. Ubishi uko kwenye namna ya kuvipunguza. Wapo wanaoandika muhtasari mrefu wenye ngazi, wapo wenye karatasi moja ya masanduku na mishale, wapo wanaotembea na rundo la kadi, na wapo, wengi kuliko wanaokiri, wanaotegemea madesa, yaani maandishi ya kusomea waliyoachiwa na waliowatangulia.

Mzigo huu umemwangukia mwanafunzi kwa sababu ya namna sheria inavyofundishwa. Tangu Christopher Columbus Langdell alipoanza kufundisha kwa kesi pale Harvard mwanzoni mwa miaka ya 1870, njia hiyo ilienea Marekani na kuvuka mipaka yake: hupewi kanuni mkononi, unapewa hukumu, na kanuni unaichimba mwenyewe. Vyuo visivyofuata njia hiyo moja kwa moja navyo vinakupa orodha ndefu ya kesi na kukuachia kazi ya kuziunganisha.

Nitazilinganisha njia hizi nne kwa vigezo vilevile. Zote zinatumika na watu wanaofaulu, na zote zinatumika na watu wanaoishia kwenye sapu, yaani mtihani wa marudio.

Vigezo kwanza

Cha kwanza ni aina ya mtihani, na ndicho kinachopuuzwa kuliko vyote. Mtihani wa vitabu wazi, mtihani wa kufunga vitabu, na ule wa katikati unaoruhusu karatasi moja au nakala ya sheria isiyo na maandishi ya kalamu ni mitihani mitatu tofauti, hata kama maswali yake yanafanana. Soma maelekezo kabla hujaanza kuandaa chochote. Vyuo vingine huruhusu muhtasari uliouandika mwenyewe tu. Vingine huruhusu chochote kilichochapwa. Vingine hutumia programu ya mtihani inayofunga mafaili mengine yote kwenye kompyuta, na hapo faili lako zuri lenye viungo vya kubofya linabaki pambo.

Cha pili ni kazi ya kuandaa: inakula muda gani, na wakati unaandaa, kichwa kinafanya kazi au ni mkono tu unaonakili?

Cha tatu ni msaada unaoupata swali likiwa mbele yako. Swali la kisa, linalokusimulia tukio na kukutaka useme sheria inasemaje, hujibiwa kwa hatua nne: kulitambua suala, kuitaja kanuni, kuitumia kanuni kwenye ukweli wa kisa, na kuhitimisha. Alama nyingi huwa kwenye hatua ya tatu. Ajabu ni kwamba mihtasari mingi inahudumia hatua ya pili peke yake. Ukiona muhtasari mnene, wenye rangi nne na jalada, jiulize utamsaidiaje mwenye nao akishamaliza kuitaja kanuni.

Cha nne ni pale njia yenyewe inapokuangusha, maana kila moja ina makosa yake inayoyakaribisha.

Kipande kimoja cha sheria kwa njia zote

Ili zipimwe kwa haki, tuzipe zote kazi ileile: kukubali ofa kwa barua, katika sheria ya mikataba ya Kiingereza.

Tarehe 2 Septemba 1817 wauzaji wa sufu waliandika barua ya kutoa ofa, wakataka wajibiwe kwa posta. Wakakosea anwani. Barua ilifika tarehe 5 jioni, na walioandikiwa wakatuma jibu la kukubali jioni ileile. Jibu lilifika tarehe 9. Tarehe 8, wauzaji walikwishaiuza sufu kwa mtu mwingine. Katika Adams dhidi ya Lindsell (1818) mahakama iliamua kwamba mkataba ulikwisha kukamilika jibu lilipotiwa posta.

Kanuni hiyo ikapata matawi. Household Fire dhidi ya Grant (1879): mkataba upo hata barua ya kukubali ikipotea njiani. Byrne dhidi ya Van Tienhoven (1880): barua ya kufuta ofa haina nguvu mpaka ipokelewe. Entores dhidi ya Miles Far East (1955): mawasiliano ya papo kwa papo, kama teleksi (mashine ya kutumiana maandishi kwa waya), hukamilika yanapopokelewa. Holwell Securities dhidi ya Hughes (1974): mtoa ofa anaweza kuiondoa kanuni ya posta kwa kutaka taarifa ya maandishi imfikie yeye.

1. Muhtasari mrefu wa ngazi

Huu ndio unaotajwa kwanza kila mahali. Unachukua somo zima na kulipanga kwa mada, mada kwa kanuni, kanuni kwa vighairi vyake, na kesi zinaning'inia chini ya kanuni zinazozithibitisha. Kipande chetu kingekaa hivi:

III. Kukubali ofa
  A. Kanuni ya jumla: kukubali lazima kumfikie mtoa ofa
    1. Mawasiliano ya papo kwa papo: hukamilika yakipokelewa (Entores, 1955)
  B. Kighairi: posta
    1. Hukamilika barua inapotumwa (Adams, 1818)
    2. Hata ikipotea (Household Fire, 1879)
    3. Haihusu kufuta ofa. Kufuta hukamilika barua ikipokelewa (Byrne, 1880)
    4. Mtoa ofa anaweza kuiondoa (Holwell, 1974)

*Kazi ya kuandaa.* Ni nzito, na faida yake iko humohumo kwenye uzito. Angalia Byrne: iwekwe chini ya posta au chini ya mada ya kufuta ofa? Ukikaa kulifikiria hilo kwa dakika tano utagundua inastahili kuwa pote pawili, na kwamba kesi hii ni mpaka kati ya kanuni mbili. Hiyo ndiyo akili ambayo swali la kisa huitafuta. Anayeandika kwa kufuata mpangilio wa wiki za mihadhara, au kesi baada ya kesi kama zilivyopangwa kitabuni, hakutani na swali hilo kamwe. Amehamisha daftari tu kutoka mahali pamoja kwenda pengine. Panga kwa kanuni. Silabasi inasaidia kukupa vichwa vikubwa, na vichwa vidogo ni kazi yako.

Kuhusu muda, njia hii humfaa anayeianza mapema. Mada ikiisha darasani, ipangwe wiki hiyohiyo wakati hoja za mhadhiri bado zina joto. Kuanza muhtasari wa somo zima wiki mbili kabla ya mtihani huishia kwenye kazi ya kuchapa.

*Ndani ya chumba cha mtihani.* Vitabu vikiwa wazi, unafanya kazi vizuri kwa sharti moja: uwe na ukurasa wa yaliyomo mbele na vibandiko pembeni. Bila hivyo, kurasa nyingi zinakuwa adui, maana kila unapopekua saa inaenda. Vitabu vikifungwa, muhtasari wenyewe hauingii chumbani. Kinachoingia ni kile kilichobaki kichwani ulipokuwa unauandika.

*Unapoangusha.* Haujui mahali pa kuishia. Mtu anaongeza kesi, anaongeza nukuu, anabadilisha mtindo wa herufi, na anajisikia anasoma. Ukweli wa Adams unahitaji mstari mmoja: anwani ilikosewa, bidhaa ikauzwa kabla jibu halijafika. Sufu ilitoka mji gani hakuna atakayekuuliza. Kasoro nyingine ni ile ya hatua ya pili niliyoitaja: kanuni zimepangwa vizuri, lakini hakuna mahali panapoonyesha jinsi ya kuzitumia. Dawa yake ndogo ni kuandika chini ya kila kanuni mstari mmoja wa ukweli unaoiamsha: "tafuta tarehe mbili zinazopishana", "tafuta maneno 'taarifa imfikie'".

*Unamfaa nani.* Mwenye mtihani wa vitabu wazi, mwenye maswali ya insha yanayotaka aone somo zima kwa pamoja, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ambaye bado hajajua kesi huzaaje kanuni.

2. Mchoro wa hatua

Mchoro unaondoa vichwa vya habari na kuweka maswali. Kila jibu linakupeleka kwenye swali lingine mpaka ufike mwisho.

Je, kulikuwa na ofa? Ndiyo, endelea. Je, ilikubaliwa? Kwa njia gani? Kama ni papo kwa papo, ilipokelewa lini? Kama ni posta, je, ilikuwa jambo la kutarajiwa kwamba posta ingetumika? Je, mtoa ofa alitaka taarifa imfikie? Kama hakutaka, andika tarehe ya kutuma. Je, ofa ilifutwa? Andika tarehe ambayo taarifa ya kufuta *ilipokelewa*. Tarehe ipi ilitangulia?

Uipitishe Byrne hapo. Ofa ilitumwa kutoka Cardiff kwenda New York tarehe 1 Oktoba. Tarehe 8 mtoa ofa akatuma barua ya kuifuta. Tarehe 11 ofa ikafika, ikakubaliwa siku hiyohiyo kwa telegramu. Barua ya kufuta ikafika tarehe 20. Asiye na mchoro anaona tarehe 8 imetangulia 11 na kuhukumu kwamba ofa ilikuwa imekufa. Mwenye mchoro anaandika 11 upande mmoja na 20 upande wa pili, na jibu linajitokeza lenyewe: mkataba upo.

*Kazi ya kuandaa.* Mchoro wa mada moja unatoshea jioni moja, lakini hauwezi kuuchora kabla hujaielewa mada. Ndiyo maana wengi huutoa ndani ya muhtasari mrefu. Kuuchora bila muhtasari kunawezekana kwa mada fupi. Kwa mada ndefu utajikuta unarudi vitabuni kila sanduku.

*Ndani ya chumba cha mtihani.* Hapa ndipo unapong'aa. Unakupa mpangilio wa jibu, na unakuzuia kuruka hatua ukiwa na haraka. Vitabu vikifungwa, mchoro wenye masanduku machache unakaririka na unaweza kuuchora upya pembeni mwa karatasi ya majibu dakika za mwanzo. Kwa uzembe katika sheria ya madhara (wajibu wa uangalifu, uvunjaji wake, kisababishi, hasara isiyo ya mbali mno), kwa makosa ya jinai yenye kitendo, nia na utetezi, na kwa ushahidi wa kusikia, sijaona kinachoushinda.

*Unapoangusha.* Masanduku yana "ndiyo" na "hapana", wakati mtunga swali hupenda "labda". Chukua barua pepe: ni posta au ni papo kwa papo? Mchoro utakulazimisha uchague upande, na ukichagua tu umeacha alama mezani. Katika Brinkibon dhidi ya Stahag Stahl (1983), Lord Wilberforce alieleza kwamba hakuna kanuni moja inayotosha hali zote za mawasiliano ya aina hii. Huangaliwa nia ya wahusika, desturi nzuri za biashara, na wakati mwingine nani anapaswa kubeba hatari. Jibu zuri linakaa hapo na kubishana pande zote mbili. Kwa hiyo kwenye mchoro weka alama, nyota au rangi nyekundu, kila mahali ambapo njia panda yenyewe ina ubishi.

Kwa sheria ya katiba mchoro unasaidia kidogo, na kwa falsafa ya sheria hausaidii kabisa.

*Unamfaa nani.* Mwenye maswali ya visa marefu, anayekosa alama kwa kusahau masuala, na mwenye ruhusa ya karatasi moja tu.

3. Kadi

Kadi zina swali mbele na jibu nyuma, ziwe za karatasi au za programu kama Anki. Nguvu yake ni kwamba zinakulazimisha ukumbuke kabla ya kuona. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha majaribio ambapo wanafunzi walisoma maandishi, kisha baadhi wakayarudia kuyasoma na wengine wakajaribu kuyakumbuka bila kuyaona. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja walioshinda ni wale waliojipima. Anayesoma muhtasari wake mara ya nne usiku wa kuamkia mtihani na kusema "hii naijua" anaweza kuwa anaizoea karatasi tu.

*Kazi ya kuandaa.* Kadi moja ni ya dakika chache. Kadi za somo zima ni kazi ya muhula. Ubora wake hutofautiana sana. Kadi inayouliza "Adams dhidi ya Lindsell ilihusu nini?" inakupima jina la kesi. Kadi inayosema "Jumatatu A anatuma barua ya kukubali. Jumanne anapiga simu kukataa. Barua inafika Jumatano. Je, mkataba upo?" inakupima sheria, na tena inakupa kitu cha kubishania, kwa sababu kukataa kumefika kabla ya kukubali ingawa kukubali kulitumwa mapema. Tengeneza za namna ya pili zaidi. Za namna ya kwanza ziwe kwa ajili ya majina na vipengele vya makosa ya jinai.

Zirudiwe kwa kupishanisha siku. Sebastian Leitner alieneza miaka ya 1970 utaratibu wa visanduku: kadi uliyoipata inasogea kisanduku cha mbele na kurudiwa baada ya muda mrefu zaidi, uliyoikosa inarudi cha kwanza. Programu za leo hukufanyia hesabu hiyo.

*Ndani ya chumba cha mtihani.* Haziingii, wala hazihitajiki. Ukikumbuka, unakumbuka. Kwa mtihani wa kufunga vitabu hii ni faida tupu. Kwa vitabu wazi umetumia muda mwingi kukariri vitu ambavyo ungevitazama, ingawa anayekumbuka kanuni bila kupekua huandika haraka zaidi hata pale vitabu vinaporuhusiwa.

*Zinapoangusha.* Zinavunja somo vipande. Mtu anaweza kuijua kadi ya Byrne na kadi ya Holwell vizuri kabisa asione kwamba kisa kimoja kinazigusa zote mbili. Na rundo la kadi za mtu mwingine lililopakuliwa lina faida ndogo sana; ni madesa yaliyokatwakatwa.

*Zinamfaa nani.* Mwenye mtihani wa kufunga vitabu, mwenye muda wa vipandevipande kati ya kazi na safari, na mwenye somo lenye vipengele vingi vya kutaja kwa usahihi.

4. Madesa

Hapa naingiza kila muhtasari ambao hukuuandika: wa aliyekutangulia, wa kununua, na siku hizi ule unaoandikiwa na programu ya akili bandia. Watu huyasema vibaya mchana na kuyasoma usiku. Tuyatendee haki.

*Kazi ya kuandaa.* Karibu hakuna, na muda ulioukomboa unaweza kuutumia kujibu maswali ya mitihani iliyopita, ambako ni matumizi bora ya muda kuliko kupamba muhtasari. Desa zuri la aliyesomeshwa na mhadhiri yuleyule linakuonyesha pia anachokisisitiza, kesi anazorudia, na hoja anazozipenda. Hayo huyapati kitabuni. Unachokosa ni ile kazi ya kuamua Byrne ikae wapi: mwenzako aliamua, na uelewa ulibaki kwake.

*Ndani ya chumba cha mtihani.* Kwanza hakikisha linaruhusiwa. Likiruhusiwa, litakuchelewesha kuliko lako, kwa kuwa hujui kitu kiko wapi na vifupisho si vyako.

*Yanapoangusha.* Sheria hubadilika na desa halibadiliki. Desa la mikataba ya Kiingereza lililoandikwa mwaka 2013 litakwambia kipimo cha kifungu cha adhabu, kile kinachotaja kiasi atakacholipa anayevunja mkataba, ni kile cha kesi ya Dunlop (1915), yaani kama kiasi kilikuwa makadirio ya kweli ya hasara. Novemba 2015, katika Cavendish dhidi ya Makdessi, Mahakama ya Juu ya Uingereza iliunda kipimo upya: je, kifungu kinamtwika mvunja mkataba mzigo uliopita kiasi ukilinganisha na maslahi halali ya upande wa pili? Desa la katiba ya Marekani la kabla ya Juni 2022 litasema Roe (1973), kesi iliyotambua haki ya kutoa mimba, bado ni sheria, wakati kesi ya Dobbs imeshaiondoa. Msahihishaji huliona kosa la aina hii mara moja, na huona pia likijirudia kwenye karatasi kadhaa zenye maneno yaleyale.

Kwa programu za akili bandia kuna hatari ya ziada: zinaweza kutunga kesi. Mwaka 2023, katika Mata dhidi ya Avianca huko New York, mawakili wawili na ofisi yao walitozwa dola 5,000 baada ya kuwasilisha hukumu ambazo hazikuwahi kuwepo, zilizotungwa na ChatGPT. Kila kesi usiyoikuta kwenye silabasi au kwenye kitabu, itafute ilipochapishwa kabla hujaiandika.

*Yanamfaa nani.* Mwenye muhtasari wake tayari anayetaka kuona alichoruka. Ukiandika wako kwanza kisha ukaufananisha na desa, kila tofauti ni swali la kumpelekea mhadhiri. Pia aliyeugua au kukosa sehemu kubwa ya muhula, kwa sharti la kuhakiki kila kanuni.

Mambo mawili ya pembeni

Mkono au kompyuta? Utafiti wa Pam Mueller na Daniel Oppenheimer wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba wanaochapa huelekea kunakili neno kwa neno na wakafanya vibaya zaidi kwenye maswali ya dhana. Waliorudia jaribio hilo baadaye hawakupata tofauti iliyo wazi kiasi hicho. Mimi ningeangalia mtihani: kama utajibu kwa kalamu kwa saa tatu, mkono uzoeshwe kabla.

Kikundi? Kugawana mada, kila mtu aandike yake kisha mbadilishane, ni kuzalisha madesa kwa ushirika. Umeelewa mada moja na kupokea nne. Kikundi kinalipa zaidi pale kila mtu amekuja na muhtasari wake na mnabishana juu ya kisa kimoja. Wawili wakipishana kama simu ile ya Jumanne inamfunga A au haimfungi, mmesoma zaidi ya jioni nzima ya kunakili.

Chagua kwa hali yako

*Vitabu wazi, na una zaidi ya mwezi.* Andika muhtasari mrefu mada kwa mada. Wiki mbili za mwisho uukate: ukurasa wa yaliyomo, na mchoro kwa mada mbili tatu ambazo hutokea karibu kila mwaka. Kisha jibu swali moja la zamani ukitumia karatasi hizo tu, kwa muda wa mtihani. Pale ulipopekua bila kupata ndipo pa kurekebisha.

*Vitabu vimefungwa.* Muhtasari uwe mfupi na uishe mapema, kwa sababu ni malighafi ya kadi. Mchoro wa kila mada kubwa uweze kuuchora bila kutazama.

*Karatasi moja inaruhusiwa.* Mbele weka mchoro, nyuma majina ya kesi yenye maneno matatu kila moja. Kuandika herufi za kusomwa kwa darubini kunajaza karatasi na kukupotezea macho.

*Insha na somo la nadharia.* Muhtasari wa ngazi, lakini ngazi ziwe za hoja: nani anasema nini, nani anampinga, kesi gani inamsaidia nani. Kadi chache za majina. Mchoro uache.

*Unafanya kazi au unalea, na unasoma usiku.* Kadi kwenye vipande vya muda wa mchana, na muhtasari mfupi mwishoni mwa wiki. Ukipata desa la kuaminika, tumia muda ulioukomboa kuandika majibu, usilisome kama gazeti.

*Imebaki wiki moja na huna kitu.* Usianze muhtasari mrefu. Chukua desa linalofuata silabasi yako, lihakiki kwa vichwa vya kitabu, chora michoro ya mada nzito, na kila siku andika jibu kamili la swali moja la zamani.

*Unarudia mtihani.* Kabla ya kuandaa chochote, omba kuiona karatasi yako ya majibu kama chuo kinaruhusu. Kama msahihishaji ameandika kwamba kanuni zilikosekana au zilikosewa, rudi kwenye muhtasari na kadi. Kama uliruka masuala, chora. Na kama ameandika pembeni "hukuhusisha na kisa", ulichonacho huenda kinatosha. Weka muhtasari kando, chukua maswali ya miaka iliyopita, na umpe mtu mwingine majibu yako ayasome akiwa na kisa mkononi.